Usivuke Yale Maua

Mimi ni mtu wa nyumbani. Silisemi hili kwa kujisifu wala kwa kujuta. Ni kama mtu kusema ana miguu bapa. Cherehani yangu iko barazani, kiti kiko nyuma ya cherehani, na mimi niko juu ya kiti. Nashona sare za shule, nafupisha suruali, nabadilisha zipu zilizochoka. Wateja wanakuja wenyewe, tena wanakuja na habari zao, kwa hivyo sijawahi kuona sababu ya kuzifuata huko zinakotoka. Mjini Kakamega si mbali na kwetu. Mwaka jana nilienda mara mbili, na mara moja kati ya hizo nilipelekwa na jino.

Mke wangu ni kinyume changu. Yeye anauza kuku soko la Lubao, na akirudi jioni anaweka kikapu chini, ananitazama, anauliza, "Enhe, na hapa barazani nchi ilikuwaje leo?"

"Nchi ilitulia."

"Haiwezi kukosa kutulia. Imekaliwa."

Hata nikiiacha cherehani, siendi mbali. Nyuma ya jiko letu kulikuwa na mwamba bapa, mpana kama kitanda cha watu watatu. Hapo ndipo tulipoanika mahindi na maharagwe, na saa kumi na moja jioni, mahindi yakishaondolewa, nilianikwa mimi. Mwamba ule ulikuwa unashika joto la jua mpaka giza liingie, na mtu wa miaka hamsini na kitu anajua thamani ya joto kiunoni. Mke wangu alisema ukiangalia vizuri utaona jiwe limeanza kuchukua umbo langu. Mimi nadhani ilikuwa kinyume chake.

Chini ya shamba letu, ukipita safu ya miti ya lusiola inayotutenga na jirani, ardhi inapasuka na kuwa korongo. Kuta zake ni mawe meusi, na kwenye ukuta mmoja maji yanadondoka mwaka mzima, hata Januari wakati mabomba ya watu yanakohoa hewa tu. Katika nyufa za ukuta huo kunaota maua madogo ya zambarau yenye jicho la njano katikati, kama alizeti iliyorudi utotoni ikavaa nguo ya Jumapili. Yanachanua mvua kubwa ikishapungua. Marehemu mama alikuwa akiyaona yamefunguka anaanza kupanda viazi vitamu. Hatukuwa na jina lake. Tulisema tu, yale maua ya korongoni.

Niseme pia kwamba ndiyo maua pekee niliyowahi kumpa mwanamke. Siku mke wangu alipoletwa na shangazi yake kuona kwetu kwa mara ya kwanza, mama alinivuta jikoni akaniambia, "Kijana, mgeni haangaliwi tu kama televisheni. Mtafutie kitu." Mwanamume mwingine angepanda baiskeli mpaka mjini akanunue leso. Mimi nilipiga hesabu ya umbali, nikashuka korongoni. Hatua mia mbili. Nilirudi na maua matatu nimeyafunga kwa uzi wa cherehani. Shangazi mtu alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Lakini msichana aliyachukua, akayachomeka kwenye kitambaa cha kichwa, akakaa nayo mpaka jioni.

Hadi leo wanawake wenzake wakianza kuhesabiana zawadi za waume zao, yeye anasema, "Mimi wangu aliniletea maua. Aliyachuma akiwa na kandambili."

Basi siku moja mwezi wa sita jirani alikuja na suruali ya kupunguzwa. Jirani huyu ni rika langu, mkulima wa miwa, mtu wa maneno machache na sauti kubwa. Akakaa kwenye benchi la wateja, akaniambia kijana wake wa kwanza anarudi kutoka Nairobi na anaoa.

"Hongera! Atakaa wapi?"

"Kwangu, wapi tena? Lakini si kwenye ile simba yake." Simba kwetu ni kile kibanda cha udongo anachojenga kijana akishakua. "Msichana ametoka kwa watu wa nyumba za mawe. Nataka kumwekea msingi wa maana. Nimeongea na wale vijana wa kuvunja mawe. Jumatatu, si hii inayokuja, ile ya pili, wanaingia kwa ule mwamba wangu wa korongoni."

Nikasema, "Vizuri, vizuri sana," na pini mdomoni. Nilikuwa napima mguu wa suruali. Sikufikiria kitu kingine chochote, na hili naliandika kwa aibu yake yote.

Usiku huo tulikuwa tunakula obusuma, ndiyo ugali wetu, na mboga. Nikamsimulia mke wangu habari za harusi. Nilipofika kwenye mwamba, mkono wake uliokuwa unafinyanga tonge ukasimama.

"Mwamba upi?"

"Ule wa korongoni."

"Wa maua?"

"Nadhani. Sijui. Kuna mwingine?"

Alirudisha lile tonge kwenye sahani, akanawa. Huyu ni mwanamke anayeweza kuongea na kuku njia nzima mpaka Lubao, na usiku ule alitoa vyombo bila neno. Asubuhi ndipo aliponiambia kwamba kila siku akienda kuteka maji anapita chini ya ukuta ule. Miaka yote hii. Amezunguka masoko, amefika hadi Mautuma kununua vifaranga, kila mahali akiangalia kwenye mawe na kando ya mito, na hajayaona tena maua yale.

"Yako hapo tu," akasema. "Na wewe ukaambiwa yanaenda kuchomwa, ukasema vizuri sana."

Nikamuuliza nani amesema kuchoma.

"Kwani unafikiri mwamba unavunjwa na maombi? Wanawasha moto juu yake kutwa nzima mpaka upasuke, ndiyo wanaingia na nyundo. Utabaki na nini hapo? Majivu." Akabeba kikapu chake. Alipofika kwenye njia akageuka. "Wewe hutokangi, hiyo nimezoea. Lakini hata hiki cha mlangoni?"

Siku ile nilishona mfuko wa shati mgongoni.

Binti yetu yuko chuoni, na Ijumaa alikuja kufua nguo na kula. Mama yake akampeleka korongoni, binti akapiga picha kwa simu, akamtumia mwalimu wake wa mimea. Tukawa tunasubiri jibu. Lakini Jumatatu haikuwa inasubiri, ilikuwa imebaki siku kumi, na mimi nilikuwa nimeanza kuogopa kile kimya cha wakati wa chakula. Nikaamua kufanya jambo. Wasomaji wanaonifahamu wataelewa uzito wa sentensi hiyo.

Mpango wangu ulikuwa huu. Kwetu, kitu kilichopandwa kwenye mpaka hakiguswi. Unaweza kugombana na jirani juu ya ng'ombe, juu ya moshi, juu ya kwaya ya kanisa, lakini mti wa mpakani haung'olewi hata na mlevi. Kwa hivyo nikasema, nitayahamisha maua, niyapande katikati ya lusiola, mpakani kabisa. Hapo yatakuwa salama kuliko benki. Nilijiona nina akili sana. Nilipata alama nzuri ya kilimo kidato cha nne na nilikuwa sijaitumia bado.

Nikaamka alfajiri, mke wangu akiwa amelala. Nikachukua jembe, panga na kijiko cha kupakulia supu, nikashuka. Sikuwa nimefika pale kwa miaka kumi na moja. Hatua mia mbili zilikuwa zimeongezeka, au miguu ilikuwa imepungua. Yalikuwa yamechanua, ukuta mzima, mamia, na matone yalikuwa yanayagusa moja moja nayo yanainamisha vichwa na kuinuka, kama watu wazima wanaosikiliza mahubiri marefu kwa adabu. Nikasimama pale na kijiko changu. Nilikuwa nimesahau kabisa yanafananaje. Nilidhani namwonea huruma mke wangu, kumbe nilipaswa kujionea huruma mimi.

Kuyatoa ilikuwa vita. Mizizi imeingia ndani ya mwamba kama uzi ndani ya pindo. Nikapata miche sita, minne ikiwa imekatika.

Sasa, fundi wa nguo hawezi kupanda kitu bila mstari. Mkono unakataa. Nikapanda juu hadi kwenye lusiola, nikafunga uzi mwekundu kwenye mti wa kwanza, nikauvuta mpaka mti wa saba, ukanyooka vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba miti yenyewe haikunyooka. Waliopanda walikuwa babu zetu, hawakuwa mafundi. Katikati uzi wangu mzuri uliingia kwa jirani kama hatua moja na nusu. Sikuliona hilo. Niliona unyoofu tu. Nikainama, nikaanza kuchimba mashimo kufuata uzi.

"FUNDI!"

Jirani alikuwa amesimama kwenye miwa yake na mswaki mdomoni. Akatazama jembe. Akatazama uzi. Akautoa mswaki.

"Unafanya nini?"

"Napanda maua."

"Maua." Alilitamka kama mtu anayeonja maziwa yaliyoharibika. "Tangu tuzaliwe sijawahi kukuona shambani kabla jua halijatoka. Sijakuona hata likiwa limetoka. Leo uko mpakani gizagiza na jembe na kamba, unaniambia maua?"

"Si kamba, ni uzi."

"Wapimaji wa ardhi wanatumia nini? Sufuria? Unahamisha mpaka, bwana! Unahamisha mpaka wa baba yangu na kijana wangu anaoa!"

Nikajaribu kumweleza. Lakini mweleze mtu kwamba unaokoa maua kutoka kwa mwamba wake kwa kuyapanda ndani ya shamba lake. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwizi. Kufikia saa tatu kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba fundi ametoka nyumbani, na kwamba alitoka kwenda kuiba ardhi. Nadhani lile la kwanza ndilo liliwashangaza zaidi.

Jioni ndipo lilipokuja jibu la mwalimu wa binti yetu. Alisema kwa picha peke yake hawezi kuapa, lakini katika kutembea kwake kote sehemu hizi hajaliona ua hilo, anaomba kuja kulitazama, na tafadhali mtu yeyote asilihamishe. Maua ya mwambani ukiyatoa mwambani yanakufa. Binti alisoma ujumbe huo kwa sauti, polepole, mara mbili. Miche yangu sita ilikuwa imeshalala chali.

Mke wangu alinitazama muda mrefu. Nilingoja makombora. Akasema, "Kumbe ulishuka?"

"Nilishuka."

"Na kijiko changu?"

"Kimepinda."

Akacheka. Ndicho kicheko cha kwanza baada ya siku tano, na ningepinda vijiko vyote vya nyumba hiyo.

Jumamosi liguru, ndiye mzee wetu wa kijiji, akaitisha kikao palepale mpakani. Zilibaki siku mbili wavunja mawe waingie. Watu walikuja na viti vyao. Liguru akanipa mkono, akasema, "Fundi, nimefanya kazi hii siku nyingi, na leo ndiyo mara ya kwanza naona urefu wako."

Nikakubali kosa la uzi mbele ya wote. Nikaomba msamaha, nikaung'oa mwenyewe na kuukunja kwenye kigurudumu chake. Jirani akaguna, akapoa kidogo. Kisha nikasema kilichonipeleka pale, kwamba yale maua hayapo kwingine, na moto ukiwashwa Jumatatu yamekwisha. Watu walinyamaza kwa heshima, namna unavyomnyamazia mgonjwa.

"Ndugu yangu," jirani akasema, na sasa hakuwa anapiga kelele, "mimi sina ugomvi na maua. Lakini mkwe wangu atalala juu ya maua?"

Ndipo liguru, ili afunge kikao vizuri, akauliza swali la kawaida la vikao hivi: ni nani aliye hai aliyeonyeshwa mpaka huu na wenyewe? Watu wakaangaliana. Jirani akasema, "Kuna mama tu."

Kukhu, mama yake jirani, ni bibi wa miaka ambayo hata yeye haijui. Anasikia anachotaka. Akaletwa, yaani alikuja mbele na fimbo yake na wajukuu wakimkimbilia nyuma. Alipoona mashimo yangu akauliza nani amechimba kaburi la panya. Halafu hakusimama kwenye lusiola hata kidogo. Akaipita miti, akaanza kushuka korongoni.

"Kukhu, mpaka uko hapa!" liguru akaita.

"Huo ni wa wavivu wasiotaka kushuka. Njooni."

Tukamfuata, viti mikononi. Akafika chini ya ukuta wa maua, akauelekeza kwa fimbo.

"Nilipoletwa hapa kuolewa nilikuwa msichana. Wiki ya kwanza nikatumwa kuni. Nikashuka, nikaona kuni nzuri upande ule wa maua, nikaokota mzigo mkubwa, nikajua leo nitasifiwa. Mama mkwe akaniuliza, umetoa wapi? Akanirudisha! Nikarudisha kijiti kimoja kimoja, watu wa kwa huyu," fimbo ikanigusa kifuani, "wamekaa kule juu kwa jiwe lao wanakula viazi, wananiangalia. Akaniambia, yale maua ndiyo mwisho wetu na ndiyo mwanzo wao. Usivuke yale maua. Mimi mpaka leo sijavuka. Mwulizeni mtu yeyote."

Jirani alikuwa amekodoa macho. "Mama, huu mwamba si wetu?"

"Nusu. Ufa wa maua ndio mpaka. Hukuulizanga."

Na mimi pia sikuulizanga. Baba yangu hakuwa mtu wa kushuka korongoni, wala mimi, na kwa uzembe wetu wa vizazi viwili nusu mwamba wetu ulikuwa umekaribia kuwa msingi wa nyumba ya watu. Liguru akasafisha koo. Maua yako mpakani, akasema, na kitu cha mpakani hakiguswi bila nyumba zote mbili kukubali. Akanigeukia. Unakubali?

Nilikuwa nimeshinda. Neno moja tu lilibaki, na nilikuwa nimeufungua mdomo tayari. Lakini nikamwona jirani. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Wavunja mawe walikuwa wameshaitwa, kijana ameshapanda basi, na mbele ya kijiji mama yake mwenyewe amemwondolea msingi. Halafu nikamwona mke wangu, yuko chini ya ukuta na mtungi wake. Ananiangalia tu, kama aliyeletewa mgeni nyumbani na anangoja kuona atatafutiwa nini.

"Sikubali huu uguswe," nikasema. "Lakini nina mwingine. Uko juu nyuma ya jiko. Ni mgumu, ni bapa, na lori au punda anafika. Jirani achukue huo."



"Jiwe lako la kukaa?" jirani akauliza.

"Hilo."

"Utakaa wapi?"

"Sasa ndiyo umeanza kunihurumia?"

Kukhu akamwambia mjukuu wake, kwa ile sauti ya watu wasiosikia vizuri, "Ametoa kiti! Huyu! Kesho mvua ya mawe."

Jumatatu wakaja. Waliwasha moto juu ya mwamba wangu kutwa nzima, na mimi nikiwa kwenye cherehani nikausikia ukipasuka, mlio mkavu kama shati jipya linapochanika begani. Sikutoka kuangalia. Mke wangu aliniletea chai bila mzaha wowote, jambo lililonitia wasiwasi zaidi kuliko mlio. Jioni saa kumi na moja nilijikuta nimesimama nyuma ya jiko na kikombe mkononi, mbele ya shimo jeusi, sijui niende wapi na kiuno changu.

"Twende," akasema. Alikuwa amebeba mtungi.

Nikashuka naye. Na kesho yake tena, kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Siku ya tatu nilibeba kiti.

Mwalimu alikuja, akalala kifudifudi kwenye matope na kioo cha kukuzia, akatoka na nguo ambazo niliona kabisa haziponi. Hajatupa jina bado. Anasema mambo hayo yana taratibu zake. Kukhu alimwuliza kwa nini asituulize sisi. Lakini alituonyesha kitu tulichokuwa hatujakiona: kwenye ufa wa pili, upande wa jirani, kulikuwa na miche midogo mipya, majani mawili mawili, imejipanda yenyewe bila uzi wala kijiko. Jirani ameizungushia miiba ili mbuzi wasifike. Akimwona mtoto karibu yake anapaza ile sauti yake: usivuke yale maua!

Nyumba ya kijana wake imefika kwenye linta, juu ya milango na madirisha. Msingi ni wa mawe ya kijivu yenye madoa meusi, nami nayajua moja moja. Mbele ya mlango mafundi waliacha bamba moja zima liwe ngazi, kwa sababu lilikataa kuvunjika. Jumapili iliyopita jirani alinialika nikapime mapazia. Nilivuka mpaka, nikafika, nikakalia ile ngazi nikingoja chai. Jua lilikuwa limeipiga tangu asubuhi, na joto likapanda mpaka kiunoni palepale pa siku zote.

Kutoka hapo, ukiinamisha kichwa kidogo, unauona ukuta wa korongo. Mke wangu alikuwa chini yake anateka maji. Aliponiona akaweka mtungi, akapaza sauti, "Enhe, na huko ugenini nchi ikoje?"

Nikamwambia apande ajionee. Akasema ngoja kwanza, kuna mengine yamefunguka.